Nyumba mbili, hati moja: Mambo ya kujua unaponunua nyumba yenye aneksi Rusizi

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

UKITEREMKA kutoka Kamembe kwenda mpaka wa Rusizi ya Kwanza, kabla hujafika Cyangugu yenyewe, utaona nyumba za zamani zimejificha nyuma ya miparachichi. Ukichungulia uani utagundua kwamba karibu kila moja ina mwenzake mdogo nyuma: kijumba cha vyumba viwili au vitatu, kina mlango wake, mara nyingine na choo chake. Hapa Rwanda na ng'ambo ya pili Bukavu kijumba hicho huitwa aneksi. Mtu wa pwani angekiita banda la uani.

Siku hizi anayetafuta nyumba Rusizi, swali lake la kwanza kwa komisioneri, yule ambaye Tanzania wangemwita dalali, si idadi ya vyumba. Huuliza: ina aneksi?

Sababu zipo. Mfanyabiashara wa mpakani anataka mahali pa kulaza mzigo na pa kumlaza mteja aliyekutwa na jioni upande usio wake. Aliyerudi kutoka Kigoma, Uvira au Bujumbura ana mama mkwe, ana mpwa anayesoma, ana jamaa wanaokuja harusini na kukaa mwezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hao wahenga hawakuwa na mgeni anayesubiri kontena. Na mwenye kununua kwa mkopo wa benki anapiga hesabu nyingine: aneksi ipangishwe, kodi isaidie kulipa deni.

Hata hivyo, ni aneksi hiyo hiyo inayowaingiza watu kwenye kesi. Mwandishi wa makala haya aliliona hilo mwishoni mwa 2023, alipofuatana na dada yake mkubwa, muuza mchele na unga kati ya Kamembe na Bukavu, kutazama nyumba tatu kabla ya kununua moja.

BOYERI ILIVYOGEUKA ANEKSI

Wabelgiji ndio waliotuachia mtindo huu. Mtumishi wa serikali ya kikoloni au mfanyabiashara wa kizungu aliyejenga Cyangugu, mji uliotazamana na Bukavu ya enzi hizo, alijenga nyumba kubwa ya matofali mbele na nyuma yake akaweka boyeri: jiko la kuni, stoo, na vyumba vya mpishi na mtunza bustani. Jiko lilitengwa ili moshi na hatari ya moto vikae mbali na sebule. Watumishi nao walitengwa, na sababu yake kila mtu anaijua.

Baada ya uhuru wa 1962 nyumba zikabadilisha wenyewe, ila ramani ikabaki. Waliojenga miaka ya 1970 na 1980, walimu, madereva, wafanyakazi wa chai ya Shagasha na baadaye wa kiwanda cha saruji cha Bugarama, nao wakajenga kwa mpango huo huo kwa kipimo kidogo. Jina la boyeri likawa la aibu kidogo, na aneksi likachukua nafasi yake. Anayeishi humo leo si mtumishi tena. Ni mpangaji, au mtoto wa kiume aliyeoa na hana kiwanja, au shangazi mjane.

Kumbuka huyo shangazi mjane. Tutarudi kwake.

NYUMBA YA KWANZA: MAJI YALIKUWA KARIBU MNO

Komisioneri wetu alianza na ile nzuri zaidi, kama wafanyavyo wote. Nyumba ya vyumba vinne, bustani inashuka hadi ziwani, na chini kabisa, hatua chache kutoka majini, aneksi mpya ya vioo ambayo muuzaji aliiita "nyumba ya wageni". Dada alisimama barazani akatazama taa za Bukavu zinavyoanza kuwaka. Nilijua tayari ameshaipangia pazia.

Nikapima kwa miguu. Kutoka ukutani mwa aneksi hadi maji yanapogota hazikufika hatua 30.

Sheria ya mazingira ya 2005 iliweka ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka kingo za mto, ambao haupaswi kutumiwa kwa shughuli za kawaida. Tangu hapo, kando ya Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, kila anayenunua kiwanja cha ziwani lazima aulize ukanda huo unapita wapi katika kiwanja chake. Nyumba kubwa ilikuwa juu, nje ya ukanda. Aneksi ilikuwa ndani yake. Maana yake ni kwamba bei tuliyotajiwa ilihesabu nyumba mbili, wakati ile ya pili ingeweza kuamriwa kubomolewa bila fidia, kwa kuwa imejengwa mahali pasiporuhusiwa.

Tuliomba kuona kibali cha ujenzi cha aneksi. Muuzaji akaleta kibali cha nyumba kubwa. Tukaomba tena. Akasema mafaili yako Kigali.

"Mdogo wangu, twende," dada akasema.

Hili la kibali msomaji alishike vizuri. Aneksi nyingi zimeongezwa baadaye, wakati wa likizo, kwa fundi wa mtaani, na mara nyingi kwa rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo. Rukarakara si haramu. Mwaka 2019 serikali iliweka masharti ya namna ya kuyajengea. Lakini Rusizi imo katika miji sita ya pili baada ya Kigali iliyopangiwa kukuzwa, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare, na kila mji una ramani kuu inayosema eneo gani ni la makazi, lipi la biashara na lipi haliguswi. Nyumba ikiwa halali haiifanyi aneksi kuwa halali. Ziulizie mbili.

NYUMBA YA PILI: MLINZI ALIYETAKA KUUZA

Ya pili ilikuwa ya kizungu hasa: matofali ya kuchoma, madirisha mapana, boyeri ya asili bado imesimama na bomba la moshi lake. Bei ilikuwa ya chini kiasi cha kutia shaka.

Shaka ya kwanza ilikuwa ukutani. Nyufa za mshazari zilitoka pembe za madirisha hadi darini. Wenyeji hawahitaji kuulizwa zimetoka wapi. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi la karibu 6 kwa kipimo cha Richter liliipiga Bukavu, Rusizi na Nyamasheke. Upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, wengine wakiwa ibadani. Nyumba nyingi za matofali yasiyo na nondo zilipasuka siku hiyo, kisha zikapigwa lipu na rangi. Tuko juu ya bonde la ufa, na ardhi yetu haijamaliza kazi yake. Anayenunua nyumba ya aina hii alete fundi wa kuaminika abandue lipu kidogo pembeni mwa madirisha, na atazame pale boyeri ilipounganishwa na ukuta wa uzio, maana hapo ndipo hupasuka kwanza.

Shaka ya pili ilikuwa paa. Shuka za kijivu, nene, zenye mawimbi: fibrosima, yaani saruji iliyochanganywa na asbesto. Vumbi lake likivutwa kwa miaka huharibu mapafu, na ndiyo sababu serikali iliendesha kampeni ya kuyaondoa mapaa hayo nchi nzima. Hayaondolewi kwa nyundo na vijana wawili. Yanahitaji watu waliofunzwa, mavazi maalumu na mahali maalumu pa kuzikia taka, na gharama hiyo humwangukia mwenye nyumba. Dada aliitoa kwenye bei, bei ikazidi kuwa ya ajabu.

Shaka ya tatu ndiyo iliyotuondoa. Bwana aliyetuonyesha nyumba hakuwa mwenyewe. Alikuwa mlinzi, anaishi katika boyeri. Mwenye nyumba, alisema, alivuka kwenda Kongo 1994 na hakurudi.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua historia hiyo kuliko ninavyoweza kuiandika. Cyangugu ilikuwa ndani ya eneo la majeshi ya Ufaransa, Turquoise, kuanzia Juni 1994. Yalipoondoka Agosti, watu kwa maelfu wakavuka daraja. Wengi walirudi mwishoni mwa 1996, kambi za Kivu zilipovunjwa, na baadhi yao wakakuta nyumba zao zinakaliwa na watu wengine, wengi wao waliorudi kutoka uhamisho wa tangu 1959. Hao nao walikuwa na jeraha lao: itifaki ya kurudisha wakimbizi, iliyotiwa saini Arusha tarehe 9 Juni 1993, ilipendekeza kwamba waliotoka nchini zaidi ya miaka 10 iliyopita wasidai mali ambazo zimeshashikwa na wengine, bali wapewe ardhi nyingine. Kwa hiyo kuna waliopoteza nyumba kwa kuondoka mapema, na kuna waliohofia kuipoteza kwa kuondoka jana.

Kwa zile ambazo mwenyewe hakuonekana kabisa, nchi ilitunga sheria ya mali zilizoachwa mwaka 2004, na nyingine ikaifuata 2015. Kiini chake ni hiki: mali hiyo husimamiwa kwa niaba ya mwenyewe. Anayeisimamia hana haki ya kuiuza. Mwenyewe au mrithi wake akijitokeza na kuthibitisha, hurudishiwa.

Kwa hiyo mlinzi hakuwa na cha kuuza, hata kama amelala humo miaka 29. Kama mwenye nyumba yuko hai Bukavu au Brussels na kweli anataka kuuza, anaweza kumpa mtu wakala wa maandishi uliothibitishwa na notari au ubalozi wa Rwanda, ukitaja kiwanja kwa namba yake na kusema wazi kwamba unaruhusu kuuza. Karatasi yenye maneno "amenikabidhi nyumba" haitoshi.

HATI NI YA ARDHI

Kabla ya nyumba ya tatu, twende kidogo kwenye hati, kwa sababu waliorudi kutoka nchi jirani hubeba mazoea ya huko.

Aliyekulia Kongo amezoea sheria ya Julai 1973, inayosema ardhi ni ya Dola na raia hupewa konsesheni na cheti cha kuandikishwa. Aliyekulia Tanzania amezoea ardhi iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na hati za miaka 33, 66 au 99. Rwanda ilipitia sheria ya ardhi ya 2005, kisha ya 2013, na sasa ya Juni 2021. Kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ilipimwa na kuandikishwa, kiwanja kwa kiwanja, zaidi ya viwanja milioni 10. Kila kimoja kikapewa namba. Zetu za Mkoa wa Magharibi huanza na 3, ikifuatwa na namba ya wilaya, sekta, seli na kiwanja chenyewe.

Namba hiyo ndiyo unayonunua. Nyumba, aneksi, choo, mti wa parachichi, vyote vinafuata ardhi. Ukiuziwa "nyumba kubwa tu" huku aneksi ikibaki ya ndugu wa muuzaji, na kiwanja ni kimoja, basi mmoja wenu hana kitu. Na ukiuziwa "aneksi tu", huyo asiye na kitu ni wewe.

Ipo njia ya kutenganisha: kiwanja kigawanywe kwanza na mpimaji anayetambuliwa, kila kipande kipate namba yake, ndipo kiuzwe. Lakini ramani kuu ya mji ina kipimo cha chini cha kiwanja, na vijijini, kwenye ardhi ya kilimo, sheria ya 2013 ilikataza kabisa kukata vipande vya chini ya hekta moja. Kabla ya kuahidiana kugawanya, mwulize afisa ardhi wa sekta kama mpango wa matumizi ya ardhi ya hapo unaruhusu.

Tangu Januari 2023 hati mpya hutolewa kwa njia ya elektroniki. Ile ya karatasi yenye muhuri, ambayo wazee wameifungia kwenye sanduku, inaweza kuonyesha mambo ya 2012 wakati rejesta inaonyesha rehani ya benki ya mwaka jana. Usiamini karatasi unayoonyeshwa. Rejesta ndiyo iulizwe, kwa namba ya kiwanja, siku ile ile ya kulipa. Tazama pia miaka ya ukodishaji iliyobaki, na matumizi yaliyoandikwa: makazi, kilimo au biashara.

Na usiwasahau wawili. Tangu sheria ya urithi na mali za ndoa ya 1999, iliyofuatwa na ile ya 2016 na sasa ya 2024, ardhi ya wanandoa haiuzwi na mume peke yake. Majina yote mawili yako kwenye hati, na wote wawili wanapaswa kukubali mbele ya notari wa ardhi. "Mama watoto yuko Kigali, amekubali kwa simu" si ridhaa.

NYUMBA YA TATU: MJANE WA UANI

Ya tatu haikuwa na ziwa wala bomba la moshi. Ilikuwa upande wa Giheke, nje kidogo ya mji: nyumba ya vyumba vitatu, paa la bati, na nyuma yake aneksi ya vyumba viwili yenye baraza. Kati ya nyumba na aneksi palikuwa na shamba dogo la maharage yaliyopandwa kwa mistari. Kuta hazikuwa na nyufa. Mzee na mke wake walikuwa wote nyumbani, hati iko kwa majina yao, rejesta haikuonyesha deni.

Dada akauliza nani anaishi aneksi.

"Ni shemeji yangu," mzee akasema. "Hana neno."

Mwanamke wa miaka kama 60 alitoka barazani akatusalimu kwa heshima zote, akarudi kupepeta mchele wake. Alikuwa mjane wa mdogo wake mzee. Aliishi pale tangu 1997.

Tulipokuwa tunaondoka, dada alisimama kwenye geti akasema amesahau mwamvuli. Hakuwa na mwamvuli. Alirudi uani akakaa na yule mama karibu nusu saa. Alipotoka aliniambia: "Aneksi ilijengwa na mume wake. Na maharage ni yake. Mzee hajamwambia kama anauza."

Hapa ndipo kilipo kiini cha mambo. Kwa mujibu wa rejesta, mzee na mke wake walikuwa na haki ya kuuza kila kitu. Wakati wa uandikishaji yeye ndiye aliyesimama mbele ya kamati, naye mjane hakujitokeza kudai, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna cha kudai. Tungeweza kulipa, tukapata hati, tukamwondoa kwa barua. Lakini mtu aliyekaa mahali miaka 26 katika nyumba iliyojengwa na mumewe anaweza kwenda kwa abunzi, wapatanishi wa seli, ambao kwa sheria ya 2016 husikiliza migogoro ya mali isiyozidi thamani ya faranga milioni 3, au mahakamani ikizidi hapo. Anaweza kushindwa, lakini mnunuzi naye huikaa miaka hiyo yote ya kesi bila kuweza kuuza, kuweka rehani wala kubadilisha bati. Na jirani zako wote watajua umefanya nini.

Makomisioneri hawalisemi hili, maana ujira wao unatoka siku ya kusaini.

Dada alimwita mzee faragha. Alimwamkia, akamwambia kwa upole kwamba anaipenda nyumba na hatalipa hata faranga mpaka shemeji yake akae mezani. Mzee alikasirika. Alisema mambo ya ukoo wake hayamhusu mgeni. Dada akajibu: "Mzee wangu, nikishanunua yatanihusu mimi peke yangu." Tukaondoka. Siku tisa zikapita, na mimi nilishakata tamaa. Mke wa mzee ndiye aliyepiga simu.

Kilichoandikwa mwishowe kilikuwa rahisi. Bei ilibaki ile ile, lakini ililipwa kwa njia ya benki katika sehemu mbili: moja kwenye akaunti ya mzee na mkewe, nyingine, ndogo, kwenye akaunti ya mjane, kama fidia ya jengo la mumewe. Mjane alisaini tamko kwamba hana dai tena juu ya kiwanja, likasomwa kwa Kinyarwanda mbele ya mashahidi wa mudugudu, kisha mauzo yakapelekwa kwa notari wa ardhi, mume na mke wote wakiwapo. Yeye mwenyewe aliomba jambo moja: abaki mpaka maharage yakomae. Likaandikwa nalo, pamoja na tarehe.

Gharama ya karatasi hizo ilikuwa ndogo kuliko komisheni.

HESABU YA KUPANGISHA

Wasomaji wataniuliza kodi. Sheria ya 2018 ya mapato ya wilaya iliondolea kodi ya jengo nyumba moja ambayo mtu ameiweka kuwa makazi yake, pamoja na majengo yake ya aneksi, ilimradi yote yako katika kiwanja cha makazi cha familia moja. Hiyo ni habari njema kwa aneksi ya shangazi na mpwa.

Ukiipangisha, inaingia kodi ya mapato ya pango, nayo ni jambo jingine. Kwa viwango vilivyowekwa na sheria hiyo, nusu ya pango la mwaka huondolewa kama gharama, na inayobaki hutozwa kwa ngazi: faranga 180,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi milioni 1 ni asilimia 20, na zaidi ya milioni 1 ni asilimia 30. Tuseme unapangisha kwa faranga 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400,000. Toa nusu, inabaki 1,200,000. Ngazi ya kati inakupa kodi ya 164,000, na ile 200,000 ya juu inakupa 60,000. Jumla ni 224,000, kiasi kinachopita kidogo pango la mwezi mmoja. Mwenye mkopo wa benki uliojengea au kununulia nyumba hiyo huondoa pia riba. Tamko hufanywa kabla ya mwisho wa Januari ya mwaka unaofuata. Viwango hubadilika, basi pitia ofisi ya mapato uulize vya mwaka wako. Wengi huipiga hesabu ya mkopo kwa pango zima, halafu Januari wanashangaa.

Anayetaka kulaza wageni kwa usiku mmoja mmoja kwa malipo aelewe kwamba hapo ameingia biashara ya hoteli, yenye kibali chake na ukaguzi wake. Na anayetaka kuweka magunia ya biashara, aangalie kwanza kama kiwanja chake cha makazi kinaruhusu stoo.

JINA LA KUAZIMA

Neno la mwisho ni kwa ndugu wa ng'ambo. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wengi wa Bukavu wanaamini kuwa sasa wana haki sawa ya kununua ardhi Rusizi. Si hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, katika kifungu chake cha 15, iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Rwanda inamruhusu mgeni kupata ardhi kwa ukodishaji wa muda maalumu, kwa masharti, na mwenye nia aende akaulize masharti hayo kwa jina lake mwenyewe.

Nasema kwa jina lake kwa sababu njia ya mkato inajulikana: kununua kwa jina la rafiki Mnyarwanda. Februari 2025, M23 walipoichukua Bukavu na watu wakatafuta pa kulala upande huu, nilisikia mazungumzo ya namna hiyo kila kona ya Kamembe. Rafiki anaweza kuwa mwema kuliko ndugu. Lakini kiwanja kikiandikwa jina lake, ni chake na cha mke wake. Akifa ni cha watoto wake, na benki ikimdai ni cha benki. Wewe utakuwa mgeni katika aneksi yako.

Maharage ya Giheke yalivunwa mwishoni mwa Januari 2024. Yule mama alihamia Bugarama kwa binti yake, na kwa fedha zile akanunua mashine ya kushona. Aneksi ina vyumba viwili: kimoja kinapangishwa kwa mwalimu, kingine analala mteja wa dada akikwama. Kitu cha kwanza alichobadilisha ni mlango. Ule wa zamani ulikuwa mwembamba mno, na mgeni mwenye mzigo kichwani alilazimika kupita ubavu.